Mbaazi za kuchovyea karoti

SWALI: Ndugu mhariri, wanangu wanapenda kutafuna karoti na matango mabichi, lakini wamezoea kuyachovya kwenye mayonezi ya dukani, ambayo siimudu tena. Nilijaribu kuponda maharage ya kuchemsha, yakawa majimaji na yasiyo na ladha. Nifanyeje?
Mama wa watoto watatu, Nachingwea.

JIBU: Dada yangu, kwa kuwa uko Nachingwea, ningekushauri uchukue mbaazi, ambazo zinalimwa hapo hapo kwenu na baada ya mavuno hupatikana kwa bei nafuu. Loweka kikombe 1 cha mbaazi kavu usiku kucha, mwaga maji hayo, maana huondoka na sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni, kisha zichemshe kwa maji mapya hadi zipondeke kwa vidole.

Nadhani mara ya kwanza uliponda maharage pamoja na maji yake. Chuja kwanza, maji ya kuchemshia uyahifadhi, na wakati wa kuponda uyarudishe kijiko kimoja kimoja hadi upate uzito wa uji mzito unaoshika kwenye karoti.

Ladha utaipata kwenye ufuta, na mkoa wa Lindi haukosi ufuta. Kaanga vijiko 3 vya chakula bila mafuta, kwa moto mdogo, na uepue mara unaponukia, kwani ukiungua huwa mchungu. Kisha utwange ungali wa moto hadi uanze kutoa mafuta yake wenyewe. Watu wa Mashariki ya Kati hufanya vivyo hivyo kwa dengu, wakaita humusi, nami naamini mbaazi zetu hazipungukiwi kitu. Changanya vyote na punje 1 ya kitunguu saumu, chumvi kidogo na maji ya ndimu 2. Ndimu usiiache hata kidogo, kwa sababu vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mbaazi, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia.

Ukirudia maharage mekundu, yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto, kwani yasipoiva vizuri huleta kutapika na kuharisha.

Mboga zioshe kwa maji yaliyochemshwa. Kama huna friji, tengeneza kiasi cha kuliwa siku hiyo hiyo. Kwenye friji, ndani ya chombo chenye kifuniko, hukaa siku 3.