Wanawake wamo kwenye kamati, daftari hawalioni

SWALI: Mradi wetu una pampu ya sola na vituo vinne vya kuchotea. Kamati ya jumuiya ya watumiaji maji ina wajumbe kumi, wanawake watano, lakini kazi yetu ni kufagia vituo tu. Fedha na ratiba ni za wanaume. Tufanyeje?
Mjumbe, Dodoma

JIBU: Viti mmeshapata, sasa daini dira, yaani mita za kupimia maji. Mkutano mkuu wa watumiaji, siyo kamati, umteue mwanamke mmoja awe mtia saini benki. Mwingine asome dira zote kila Jumatatu alfajiri kabla vituo havijafunguliwa: dira kuu ya kwenye tangi, kisha za vituo.

Tuseme kwa wiki dira kuu imesogea uniti 40, za vituo kwa jumla 31. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Uniti 9 zimepotea njiani: bomba linavuja, dira ni mbovu au kuna aliyejiunganishia. Hilo ni la fundi. Zile 31, kwa shilingi 50 kwa ndoo, lazima zilete shilingi 77,500. Zikija 60,000, hilo ni la mhazini. Mwenye hesabu hizi mkononi hapelekwi tena kufagia.

Saa ya mkutano nayo ipangwe na wachotaji. Ukiitwa asubuhi, wenye ndoo wako foleni. Wanaume wa kamati wakikataa yote haya, nendeni ofisi ya wilaya ya RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Ndiyo inayozisimamia jumuiya.

SWALI: Kina mama wa bustani wanaomba maji, wazee wanasema ni ya kunywa tu.
Msomaji, Singida

JIBU: Pigeni hesabu kabla ya kubishana. Tuta la mita 1 kwa 10 kiangazi hunywa kama lita 50 kwa siku, ndoo mbili na nusu. Matuta 20 ni uniti moja. Angalieni tangi hujaa saa ngapi. Likijaa saa nane mchana, pampu inazimwa huku jua bado kali, na sola haidai mafuta. Iachwe isukume kwa muda wa saa moja zaidi, maji yaelekezwe kwenye tangi dogo la bustani, mmwagilie saa kumi na moja jioni. Ufunguo wa swichi akae nao mmoja wa wenye bustani, pamoja na mhudumu wa pampu. Maji yakianza kutoka kwa kukohoa hewa, azime papo hapo: kisima kimeshuka, na pampu ikisukuma bila maji inaungua.