Fundi Anajibu: Mashine Inatapika Unga

SWALI: Shikamoo fundi. Nina stesheneri Kirumba, karibu na mwalo. Mwezi uliopita kopi za asubuhi zilianza kutoka hafifu, zina mabaka, ila ikifika mchana zinapata nafuu. Kijana wangu akasema tona, ule unga wa wino, imeisha. Akafungua mashine, akamimina unga ndani. Sasa karatasi nzima inatoka kijivu, unga unamwagika hadi kwenye trei, na wateja wa kutoa kopi za vyeti wananikimbia. Ninunue dramu mpya?
– Mama Stesheneri, Kirumba

JIBU: Marahaba, mama. Dramu, ile silinda inayobeba picha hadi kwenye karatasi, usinunue. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta huo unga ulimiminwa wapi, na hilo neno “ndani” linanitia wasiwasi. Tona inakaa kwenye chupa yake. Kwenye chumba cha divelopa hapamiminwi kitu! Mle mna chembe za chuma, laini kuliko mchanga wa ufukweni, zinazousugua unga upate umeme wa kunasia kwenye dramu. Unga wenyewe ni sehemu ndogo tu ya mchanganyiko, kwa kawaida haufiki hata sehemu moja ya kumi kwa uzito. Ukizidi, chembe zinaelemewa. Unga usio na umeme wa kutosha unapaka mahali peupe, mwingine unamwagika. Kuna sensa mle (siyo ile ya 2022 ya kuhesabu watu) inayoamua mota ilete unga au isilete. Sensa inaweza kuizuia mota, mkono wa kijana haiuwezi.

Kwanza print kutoka kwenye kompyuta. Ikitoka safi, mchafu ni kioo cha juu, kifute tu. Ikitoka kijivu vilevile, zima mashine, chomoa waya, pangusa unga kwa kitambaa kikavu. Usipulize kwa mdomo. Halafu toa chupa ya tona, washa, toa kopi kadhaa za ukurasa mweusi tupu ili mashine imalize unga wa ziada. Nyingine hugoma bila chupa. Hapo fundi wako aisimamishe mota ya tona. Kijivu kisipopungua, badilisha divelopa, ukubali hasara.

Ila tona haikuwa imeisha. Hafifu asubuhi, nafuu mchana: hiyo nashuku karatasi. Rimu ikilala wazi jirani na ziwa inanyonya unyevu, na karatasi yenye unyevu haiupokei unga vizuri kutoka kwenye dramu. Jioni zitoe zote kwenye trei, uzifungie. Mimi natumia ndoo ya rangi yenye mfuniko, inanitosha.

Nguo za kijana zikung’utwe nje, zifuliwe kwa maji baridi. Nilipoanza kazi hii nilifua shati langu jeupe kwa maji ya moto. Unga ukayeyuka, ukang’ang’ania. Ndilo ninalovaa nikija kufungua mashine za watu.