Siku yangu ya kwanza maabara nilipima maji

Siku ya kwanza katika maabara ya biolojia sikugusa DNA, seli wala bakteria. Nilipewa pipeti (kifaa cha mkono cha kuvuta na kumwaga kiasi kidogo cha kimiminika), chupa ya maji safi na mizani, nikaambiwa nipime maikrolita 100 mara hamsini. Maji ya kiasi hicho yana uzito wa gramu 0.1, na mizani haina huruma: mkono ukikosea, namba inakusema. Namba zangu kumi za mwanzo zilikuwa aibu tupu. Kitufe cha pipeti kina vituo viwili, nami nilikuwa nakibonyeza hadi kituo cha pili ndipo navuta maji. Kumbe unavuta ukiwa umebonyeza hadi kituo cha kwanza. Cha pili ni cha kumalizia kumwaga.

Nilikuwa nimeingia pale nikijua kwamba maksi zangu ndizo zilizonifungulia mlango. Miezi kadhaa baadaye nikamuuliza dada wa uzamivu aliyekuwa akinisimamia kwa nini profesa alinichagua mimi. Akacheka. "Wewe uliandika saa zako," akasema.

Ni kweli. Katika barua pepe ya kuomba nafasi nilitaja kwamba sina vipindi Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane mchana, muhula mzima. Wenzangu waliandika jinsi walivyoipenda sayansi tangu utotoni. Profesa hana shida na mapenzi yako. Anachotaka kujua ni kama wiki ya sita bado utakuwepo. Kumfundisha mgeni kunakula muda wa mtu mwenye utafiti wake, na mgeni akitoweka mitihani inapokaribia, muda huo haurudi.

Kwa hiyo andika barua fupi. Taja mwaka wako wa masomo, saa zako, na jambo moja kutoka kwenye makala moja ya maabara ile uliyoisoma wewe mwenyewe, hata kama umeelewa nusu yake. Swali la kweli juu ya mchoro mmoja lina uzito kuliko sifa kumi. Na tafadhali, usinakili barua ileile kwa watu ishirini. Mimi nilifanya hivyo, moja ikamfikia mhadhiri ikiwa na jina la mhadhiri mwingine. Mpaka leo nikikutana naye nabadili njia.

Ukishaingia, utaharibu vitu. Kosa langu kubwa lilikuwa la jeli. Tulikuwa tumefanya PCR, ile njia ya kurudufu DNA kwa kupandisha na kushusha joto: nyuzijoto 95 hivi kuzitenganisha nyuzi mbili za DNA, kisha joto linashuka, halafu 72 kimeng'enya kijenge nyuzi mpya. Kazi ya asubuhi nzima. Nikaweka sampuli kwenye vishimo vya jeli, ambamo umeme huisukuma DNA ili ionekane kama mistari, nikaunganisha waya, nikaenda kula. DNA ina chaji hasi, hukimbilia upande chanya. Mimi nilikuwa nimegeuza waya. Sampuli zote zilirudi nyuma, zikatoka nje ya jeli na kuishia kwenye bafa, yale maji ya chumvi yanayoizunguka jeli.

Nilitamani kusema mashine ilikuwa mbovu. Nikaenda kusema ukweli, kisha nikauandika kwenye daftari: tarehe, saa, waya zimegeuzwa, sampuli zimepotea. Wiki iliyofuata nikaanza kupewa sampuli zenye thamani zaidi. Ukiona daftari la mwanafunzi halina kosa hata moja, jua anaficha. Na andika palepale ukiwa unafanya kazi, kwa kalamu isiyofutika, maana jioni akili inakumbuka mambo yalivyopaswa kuwa.

Kuna kitu kingine ambacho darasani nilikisoma bila kukielewa: mrija usio na DNA, wenye maji mahali pa sampuli, unaopitishwa kwenye PCR pamoja na mingine. Unaonekana kama kupoteza kemikali. Siku mrija ule ulipotoa mstari kwenye jeli, yaani DNA mahali pasipopaswa kuwa nayo, tulijua kuna uchafu mahali fulani, tukatupa matokeo ya siku tatu. Matokeo yenyewe yalikuwa mazuri sana. Bila mrija ule tungeyaamini.

Kuosha vyombo na kuchemsha midia (chakula cha kukuzia bakteria) kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, usikudharau. Huko ndiko unakosikia mazungumzo ya watu. Ila ikipita nusu muhula hujagusa kingine, omba kwa adabu upewe swali dogo la kwako. Uliza pia mapema kama kazi ina malipo, inahesabiwa kwenye masomo, au ni ya kujitolea. Hakuna atakayechukia swali hilo likija mwanzoni. Na kama mikono yako haipatani na pipeti, zipo maabara ambazo kazi yake kubwa ni kompyuta na takwimu, nazo zinahitaji watu vilevile.

Barua ikikaa wiki mbili bila jibu, tuma nyingine, fupi kuliko ya kwanza. Profesa wangu hakujibu ile ya kwanza. Alijibu ya pili, yenye mistari mitatu, kwa neno moja: "Jumanne."