Maji ya radiateri imekuwa rangi ya udongo

SWALI: Yaya, habari ya kazi. Niko shofere wa takisi hapa Bukavu, nikipanda Kadutu nimejaza watu, sindano ya moto inapanda mpaka naogopa. Kila asubuhi naongeza maji ya ziwa, nusu litri hivi, na juzi nimeona imekuwa rangi ya udongo. Mwenzangu wa parkingi anasema nimwage tu likidi ya kijani (ile dawa ya kupoza moteri) mule, itasafika. Ni kweli?

JIBU: Hapana mdogo wangu, usimwage. Ile rangi ni kutu, na likidi mpya ukiichanganya na kutu dawa yake ya kuzuia kutu inaisha bure, umepoteza franga.

Lakini kilichonishtua ni ile nusu litri. Radiateri nzima hainywi maji kila siku, kwa hiyo kuna mahali inatoka: angalia mipira, pompi ya maji, na kifuniko kama kingali kinakaza. Ukikosa tone hata moja chini, fungua pa kumwagia oili, ukikuta kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda basi maji inaingia ndani ya moteri, simamisha gari leo hii, usisubiri kesho.

Na maji ya ziwa tafazali acha kabisa. Kivu ina madini mengi, ikipata moto yanaganda ndani ya vile vijia vyembamba kama ukoko mweupe wa birika, ndiyo maana mlima unakushinda. Tena huku tuko karibu mita 1.500 juu ya bahari, maji matupu kwenye sufuria inachemka kwa digrii 95 hivi, kwa hiyo hata ndani ya moteri inawahi kuchemka.

Ukishaziba panapovuja, asubuhi moteri ikiwa baridi (kifuniko cha moto kinaunguza uso, nimeona) mwaga yote, weka maji safi, fungua shofaji (ile ya kupasha joto ndani ya gari), washa mpaka moteri ipate moto, zima, acha ipoe, mwaga tena, rudia mpaka itoke safi bila rangi. Halafu likidi nusu, maji ya distile nusu. Likidi ya aina ya zamani ibadilishe kila miaka 2, ya muda mrefu inafika 5, soma bidoni maana rangi inadanganya, na usichanganye aina mbili.

Katikati ya hapo, kila mwezi vuta kidogo na seringi, weka ndani ya chupa inayoonyesha ndani, ilale usiku. Ukikuta vumbi jekundu chini, badilisha hata kama miaka haijafika.

Ile utakayomwaga ni sumu na ni tamu, watoto na mbwa wanaweza kuilamba, kwa hiyo ifunge ndani ya bidoni, isiende kwa mfereji.