Likizo imeisha na uchovu upo palepale: mwanasaikolojia atakusaidia nini?

Mkuu, umeuliza: likizo nzima umekaa nyumbani Kisasa, umerudi kazini Mtumba umechoka kuliko ulivyoondoka, sasa mwanasaikolojia atakuongezea nini zaidi ya maneno? Nakujibu kama mtu niliyepita hapo. Mimi ni mhasibu, hapahapa Dodoma, na wanaozijua ofisi zetu wanajua hali inavyokuwa kuanzia vikao vya bajeti Aprili hadi kufunga hesabu Juni 30.

Kabla ya yote kapime presha, sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo, maana si kila uchovu ni wa mawazo. Vipimo vyangu vilitoka safi, ndipo daktari akanielekeza kwa mwanasaikolojia. Ndugu waliposikia, wakajua napelekwa kulazwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. (Hata Mirembe kwenyewe wapo wanaotibiwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo, lakini nenda kawaeleze wajomba zangu.)

Sikuulizwa habari za utotoni. Nilipewa kazi ya daftari: kila saa niandike ninafanya nini na mwili umekaza kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10. Nilitegemea ofisini ndiko zingejaa 9. Wapi! Namba kubwa zilikuwa baada ya chakula cha usiku, nikiwa kwenye kochi eti napumzika, televisheni inaongea peke yake na mimi nasoma kundi la WhatsApp la ofisi. Likizo zangu zilikuwa hivyohivyo, na nahisi yako pia. Mwili haujui kuwa umejaza fomu ya likizo. Ukiendelea kuushtua, nao unaendelea kumwaga adrenalini na kotisoli, homoni za kumsaidia mtu kumkimbia fisi kwa dakika chache, si za kumkesheza mwaka mzima.

Yakafuata mazoezi ya kulegeza misuli, yaliyoanza na daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, miaka ya 1920. Unakunja ngumi kwa nguvu, unahesabu kidogo, unaachia taratibu huku ukisikilizia tofauti. Kisha mabega, taya, paji la uso, hadi vidole vya miguu. Ukimwona mtu mzima anafanya utacheka. Lakini nilipoachia mabega, moyo ukaanza kwenda mbio, viganja vikalowa, nikataka kunyanyuka nitoke. Yule mama mwanasaikolojia hakushangaa. Akasema mwili uliozoea kukaa macho ukilegea unaona kama umelala na mlango wazi. Kwa hiyo tukapunguza: viganja tu, macho yakiwa wazi, dakika chache, yakizoeleka ndipo unaongeza. Mpaka leo hilo ndilo naliona kubwa kuliko yote niliyopata kwake, kwamba kutulia kunafanyiwa mazoezi, na mwanzoni kunaweza kukutia hofu.

Kingine ni muda wa wasiwasi. Jioni, kabla ya chakula, naandika yote yanayonisumbua: hoja za mkaguzi, ada, kiwanja cha Nala. Yakinijia saa nane usiku nayaambia kesho jioni. Siku nyingine yanatii, nyingine hayatii. Usingizi ukikata kabisa, natoka kitandani nikakae sebuleni hadi uje wenyewe, badala ya kugaagaa.

Aibu ya kupumzika pia ilihitaji kazi. Kwetu Mpwapwa, mwanaume mzima akionekana ameketi chini ya mwembe mchana ataulizwa anaumwa nini. Nilikuwa nabeba hata fagio ili nisionekane nimekaa bure.

Ila usitegemee tiba ikufanyie kila kitu. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika orodha yake ya magonjwa ya mwaka 2019, limeutaja uchovu wa kuzidiwa na kazi kama jambo la kazini, si ugonjwa. Kazi ikizidi uwezo wa watu waliopo, hata ukunje ngumi vipi itabaki imezidi. Sehemu ya vikao vyetu ilikuwa kufanyia mazoezi maneno ya kumwambia bosi kwamba baada ya saa mbili usiku sijibu ujumbe. Alinuna, kisha akazoea.

Ukienda, uliza gharama mapema na kama bima yako inalipia, na sema wazi unataka mazoezi ya kufanya nyumbani. Wapo wanaokusikiliza tu saa nzima. Akiwa hivyo, tafuta mwingine. Na kama huo uchovu umeshaanza kukuletea mawazo ya kutaka kufa, usisubiri miadi, nenda hospitali leo.