Mabano ya Linnaeus si pambo

SWALI: Nasomea ufugaji wa samaki hapa Kisumu. Msimamizi amenirudishia ripoti kwa sababu ya jina la tilapia wa vizimbani. Niliandika *Oreochromis Niloticus* Linnaeus, 1758. N niliifanya kubwa kwa kuwa jina latokana na Mto Nile, na mabano yanayozunguka Linnaeus na mwaka niliyatoa ili lisomeke kwa urahisi. Kosa liko wapi?

JIBU: N iwe ndogo, hata jina likitokana na mto, nchi au mtu. Hilo limekwisha.

Mabano ndiyo yanayonikera. Naletewa ripoti zikiwa zimenyofolewa mabano, au yamebandikwa kila mahali kama nakshi. Mtu na mwaka vinavyofuata jina ni vya aliyeipa spishi jina hilo, hapa Linnaeus. Kwa majina ya wanyama, mabano yanasema kwamba mtu huyo aliiweka spishi katika jenasi nyingine (jenasi ni kundi la spishi zinazokaribiana, nayo ndiyo neno la kwanza la jina), kisha ikahamishwa. Ukiandika ulivyoandika, unadai Linnaeus ndiye aliyemtia samaki huyu katika *Oreochromis*. Alifariki mwaka 1778! Jenasi hiyo iliundwa na mtaalamu wa wanyama Günther mwaka 1889, kwa samaki wa Ziwa Chala kule Taveta. Kwa hiyo ni *Oreochromis niloticus* (Linnaeus, 1758). Mamba wa ziwa letu, naye, ni *Crocodylus niloticus* Laurenti, 1768, bila mabano, maana jenasi aliyopewa na Laurenti ndiyo aliyomo hadi leo.

Najua jibu utakalopewa saibani, kwenye duka la intaneti: "Kopi tu kutoka intaneti, weka italiki, mwalimu ataridhika." Italiki haimtambui samaki. Wala haitambui mti, na hapo ndipo hasira yangu inapowafikia wauza dawa za mitishamba, ambao siku hizi hawauzi chupa bila Kilatini. Lebo inasema *Azadirachta Indica*, yaani mwarobaini, tena kwa I kubwa, na ndani kuna majani yaliyosagwa ambayo huenda ni ya melia, *Melia azedarach*. Miti hiyo inafanana, lakini matunda ya melia ni sumu. Kwenye tawi bichi utaitofautisha: jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja chenye vijani pande mbili, la melia kikonyo chake kinagawanyika tena kabla ya kufika kwenye vijani. Kwenye unga huoni kitu. Muulize muuzaji ni nani aliyeutambua mti huo, na alitazama nini. Akianza kukusomea lebo, mrudishie chupa yake.