Barua kwa Zuhura: laptop, shangazi yako, na mashine ya babu

Mwanangu Zuhura,

Wa aleikum salaam. Nimeusikiliza ujumbe wako, na mama yako akapaza sauti kutoka jikoni, "Umjibu mtoto!" Basi najibu. Waniambia shangazi yako wa Muscat ataka kukununulia MacBook Air mpya, laptop ya Apple, na kule Luthuli Avenue, Nairobi, umeona laptop ya Windows, ThinkPad T480 ya mtumba iliyotoka Uingereza. Wauliza uchukue ipi kwa masomo ya uhandisi wa ujenzi. Hayo ni maswali mawili umeyafunga kitambaa kimoja. La mashine umelitamka. La shangazi yako umelinyamazia, nami nadhani ndilo likukoseshalo usingizi.

La mashine si gumu. Kwanza kazi, ndipo chombo. Umenisikia nikisema hivyo tangu ulipokuwa ukifungua soda kwa meno. AutoCAD, ile programu ya kuchorea, ina toleo la Mac, hapo huna shida. Lakini Civil 3D, Revit na ETABS, zile programu za barabara na majengo utakazokutana nazo mbele, zimetengenezwa kwa Windows. Mac zilizotoka tangu mwisho wa 2020 zina chipu za Apple wenyewe, na hizo hazina tena Boot Camp, ile njia ya zamani ya kuweka Windows kando ya mfumo wa Mac. Najua kuna programu za kuendeshea Windows humo humo ndani. Ila Windows hiyo ni ya chipu za ARM, yaani jamii ya hizo za Apple, na programu nilizozitaja hazikuandikiwa hiyo. Huenda ikafunguka, huenda ikagoma, nawe kesho yake unawasilisha mradi.

Halafu kuna RAM, ile kumbukumbu ambayo kompyuta hufanyia kazi. Kwa Civil 3D, Autodesk, wenye kuitengeneza, wanataka GB 16 kwa uchache. MacBook Air huongezi kitu baadaye. Uliyonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo. T480 ina nafasi mbili za RAM, fundi yeyote mwenye bisibisi aifungua na kuongeza.

Lakini na wewe fungua macho huko Luthuli. T470, iliyotangulia, na T480 zafanana kama pacha, na muuzaji mwingine hukuchanganyia kwa makusudi. Windows 10 ilikwisha kutunzwa na Microsoft Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa, ile chipu kuu, za Intel yataka kizazi cha nane kwenda juu. T480 ya 2018 iliyo na prosesa hiyo yapita, T470 haipiti. Kabla hujatoa shilingi, iwashe, fungua ile dirisha nyeusi ya amri, andika powercfg /batteryreport, ulinganishe betri ilivyozaliwa na ilivyo leo. Uhakikishe pia haina nenosiri la BIOS, ile programu ya ndani inayoamka kabla ya Windows, lililoachwa na kampuni iliyoitumia zamani. Hilo likiwepo, rudi zako hosteli.

Haya. Na nisiwe mtu wa kuonea. Ile Mac ni mashine nzuri, betri yake yakaa kutwa, haina feni ya kukupigia kelele usiku, na ungekuwa wasomea programu za kompyuta kama binamu yako wa Muscat ningekwambia ichukue usiku huu huu. Mama yako asema mimi nina kinyongo na vitu vinavyong'aa. Pengine. Lakini kinyongo hicho kina asili yake, nawe hujapata kuambiwa.

Ile mashine ya hesabu mliyokuwa mkichezea duka pale roshani, wewe na kaka zako, mkimaliza karatasi na bibi yako akiwakemea, mwaijua ilifikaje nyumbani? Mwaka 1986 nilipoingia Polytechnic pale Tudor, ambayo leo ndiyo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, na wazee wa mtaani walikuwa bado wakiiita kwa jina lake la kale, Miome, tuliambiwa kila mwanafunzi aje na kalkuleta. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa gatini Kilindini. Hakuuliza kalkuleta ya nini. Alimwendea baharia mmoja wa meli ya mizigo, wakapatana, akarudi nayo mabegani imefungwa gunia. Kubwa, nzito, ya kuchomeka ukutani, tarakimu zake za kijani, na roli ya karatasi inayotoa risiti. Aliiweka mezani akaipapasa. "Hakuna mwanafunzi mwenye kubwa kuliko hii," akasema. Na alisema kweli.

Ilijumlisha, ikatoa, ikazidisha, ikagawanya. Basi. Nasi tulikuwa twasoma upimaji wa ardhi, ambako kila mstari uliopimwa hutaka sain na kosain ya pembe yake, ili ujue umekwenda kaskazini kiasi gani na mashariki kiasi gani. Mashine ile haikujua sain ni mdudu gani. Wenzangu walikuwa na zile ndogo za mfukoni zenye vitufe vyote. Mimi nilivuka mji na gunia, nikatafuta soketi nyuma ya darasa, nikachomeka. Mmoja akainuka, jina lake silitaji kwa kuwa tuliswali pamoja Ijumaa iliyopita, akaniomba risiti ya sukari kilo mbili na mchele kilo nne. Ikatoka. Darasa zima likaanguka chini, na mwalimu naye akageukia ubao ili asicheke. Tangu siku hiyo hadi tunamaliza chuo jina langu likawa Duka. Mpaka leo akiniona Makadara hunipungia mkono, "Duka! Sukari ipo?" Nami hucheka, na cheko hilo halifiki tumboni.

Pembe nilizitafuta kwenye kitabu cha majedwali, kisha nikazidisha kwa mashine ya babu yako. Ilinichukua muda mara mbili ya wenzangu. Kila Ijumaa baada ya chakula aliniuliza, "Mashine yaendaje?" Nikamjibu, "Yaenda vizuri, baba." Alikufa akijua hivyo.

Sasa hapo ndipo ninapogombana na nafsi yangu. Kuna siku nasema nilifanya adabu: mzee ametoa jasho lake, umwambie nini, kwamba hajui sain? Kuna siku nasema la, babu yako hakuwa mtu wa kuvunjika. Alibadilishana vitu na mabaharia umri wake wote. Lau ningemwambia, "Baba, yatakikana ya aina hii," asubuhi yake angekuwa gatini anatafuta, na pengine angefurahi zaidi kuelewa kijana wake asomea nini. Sijui, au najua na sipendi kulisema. Alichokosa mzee ni kuuliza kazi kwanza, na wa kumwambia nilikuwa mimi.

Shangazi yako ni binti yake mtupu. Yeye naye ataka hakuna mwanafunzi mwenye nzuri kuliko yako. Sikwambii umkatalie, wala sikwambii upokee. Nimemwahidi mama yako sitachagua, maana nikichagua mimi, shangazi yako atasema nimemrudishia zawadi usoni, na harusi ya binamu yako iko mwezi ujao.

Ila fanya hivi. Waendee wa mwaka wa nne na wa tano wa idara yako, wakuandikie majina ya programu walizozitumia kweli, si walizozisikia. Orodha hiyo mpelekee shangazi yako mwenyewe, kwa sauti yako, umweleze kila moja ni ya kazi gani. Usinitume mimi. Na ikitokea, nasema ikitokea, mkakubaliana ni ile T480, mwombe akulipie RAM ifike GB 32 na betri mpya, na pesa zibakie za kununulia skrini kubwa ya mezani, kwa sababu michoro ya barabara kwenye kioo kidogo itakuua macho. Skrini hiyo ataweza kuipiga picha awaonyeshe watu wa Muscat.

Mama yako asema ule vizuri. Unga wa mahamri ameupeleka kwa basi, utaupokea kesho asubuhi.

Babako